UZI: Wazee wetu Marekani na hela ya SSI. Mkimbizi ana miaka saba tu, na hesabu inaanza siku anayoingia nchini

Mkalimani wa Kivu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye mzee, kipofu au mgonjwa nyumbani asome taratibu, na ikibidi amsomee mwenyewe.

Naishi Pennsylvania, kazi yangu ukalimani. Nakaa katikati ya mzee na karani, namfikishia huyu maneno ya yule. Wengi ninaowasemea wametoka Fizi, Uvira na Minembwe, mashariki ya Kongo, na wapo Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakaishi makambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kitu kimoja kinanikosesha usingizi: mzee anapokea hela yake kila mwezi, analipa kodi ya nyumba, ametulia, halafu inakuja barua kwamba malipo yamekoma kwa sababu muda wake umeisha. Nyumba nzima wanaulizana muda gani. Hakuna aliyewaambia, au waliambiwa wiki ile ya kwanza walipofika, pamoja na mambo mengine mia, wakiwa hata jiko hawajajua kuliwasha.

SSI ni hela ya serikali kuu kwa mtu mwenye kipato kidogo na mali kidogo ambaye ana miaka 65 au zaidi, au ni kipofu, au ana ulemavu. Haitokani na makato ya kazi, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kufanya kazi Marekani anaweza kuipata. Ofisi za Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) ndizo zinazoiendesha, na ndiyo maana watu huichanganya na pensheni. Pensheni unaichangia ukiwa kazini. SSI unapewa kwa sababu huna.

Zamani kila jimbo lilikuwa na mpango wake wa wazee, wake wa vipofu na wake wa walemavu, na viwango vilitofautiana mno. Mwaka 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya kuweka kiwango kimoja cha nchi nzima, na malipo yakaanza Januari 1974. Majimbo yakaachiwa nafasi ya kuongeza juu ya kiwango hicho. Ndiyo sababu ndugu wawili wenye hali ileile, mmoja yuko California na mwingine Mississippi, hawapati sawa.

Kiwango cha serikali kuu mwaka 2026 ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 1,491 kwa mume na mke wote wanaostahili. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, kipato kingine kinakipunguza. Kwenye kipato chochote wanaacha dola 20 za kwanza. Kwenye mshahara wanaacha tena dola 65, kisha nusu ya kinachobaki. Tuseme mama anafanya usafi saa chache na kulipwa dola 385 kwa mwezi. Toa 20, toa 65, zinabaki 300. Nusu yake 150. SSI yake inashuka kutoka 994 hadi 844, na ukijumlisha na mshahara ana 1,229. Kwa hiyo wanaowakataza wazee kufanya hata kazi ndogo kwa hofu ya kupoteza kila kitu, wawaache wenye nguvu wafanye, mradi kila dola itolewe taarifa.

Nyongeza ya jimbo inatofautiana. California ni karibu dola 240 kwa mtu mmoja anayejitegemea. New York, anayeishi peke yake ni dola 87, anayeishi na wengine 23. New Jersey, anayeishi peke yake dola 31.25. Hapa kwetu Pennsylvania ni dola 22.10. Mississippi na West Virginia hakuna kitu. Kuna majimbo nyongeza inakuja pamoja na hela ya serikali kuu, na kuna mengine, kama New York, ambako jimbo lenyewe ndilo linalolipa. Ukihama jimbo usidhani nyongeza inakufuata. Uliza upya, na toa taarifa ya kuhama.

Sasa lililonifanya nianzishe uzi.

Sheria ya Agosti 1996 iliwafungia SSI wageni wengi. Wakimbizi na waliopewa hifadhi (walioomba ulinzi wakiwa tayari Marekani) waliachiwa mlango, lakini una kikomo: miaka saba. Kwa mkimbizi inahesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani akiwa na hadhi ya ukimbizi. Kwa aliyepewa hifadhi, tangu siku aliyokubaliwa. Siyo tangu siku ya grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), wala tangu siku aliyoanza kulipwa. Mzee aliyefika na miaka 63 akaanza SSI alipotimiza 65 amebakiza mitano.

Kinachoondoa kikomo hicho ni uraia. Mkimbizi anaomba grinikadi baada ya mwaka mmoja, na ikitoka inarudishwa nyuma hadi siku aliyoingia. Miaka mitano ikitimia anaomba uraia, na fomu inapokelewa hadi siku 90 kabla. Piga hesabu: kati ya mitano na saba una miaka miwili tu ya kujaza fomu, kusubiri alama za vidole, kuitwa kwenye usaili, pengine kufeli na kurudia, na kula kiapo. Ukianza mwaka wa sita umechelewa. Na katika muda huo mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu anatakiwa asome na kuandika Kiingereza.

Watu hunijibu, "Si kuna msamaha wa wazee?" Upo. Mwenye miaka 50 na amekaa na grinikadi miaka 20, au mwenye 55 na amekaa nayo 15, anafanya mtihani wa historia na serikali kwa lugha yake. Wekeni 15 hiyo pembeni ya 7. Kwa mkimbizi msamaha wa umri unafika SSI ikiwa imekatika siku nyingi.

Njia iliyobaki ni fomu N-648, ya mtu ambaye ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili unamzuia kujifunza Kiingereza na masomo ya uraia. Inajazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba, na tatizo liwe limedumu au linatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Uzee peke yake hautoshi, na kutojua kusoma peke yake hakutoshi. Daktari aeleze kwa maneno yanayoeleweka jinsi ugonjwa huo unavyomzuia mtu huyu kujifunza. "Mgonjwa ana umri mkubwa na anasahau" inarudishwa. Kiharusi, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, majeraha ya kichwa, mtikisiko wa akili uliotokana na vita, haya wazee wetu wanayo tele, ila hayamo kwenye faili zao kwa sababu hawakuwahi kumwambia daktari. Faili linajengwa kuanzia mwaka wa kwanza, na daktari akiwa yuleyule.

Niishie hapa kwanza. Ulizeni.

---

Mama Neema

Ahsante kaka. Naomba kueleweshwa. Mama mkwe ana miaka 58, presha ya macho imemmaliza, jicho moja haoni kabisa, lingine anaona kivuli tu. Tuliambiwa asubiri afike 65. Ni kweli?

Mkalimani wa Kivu

Hapana dada, asisubiri hata wiki. Kipofu ana mlango wake na hauangalii umri. Kipimo ni jicho lililo bora, likiwa na miwani, kuwa 20/200 au chini ya hapo (anaona kwa futi 20 anachokiona mwenye macho mazima kwa futi 200), au upana wa kuona usiozidi nyuzi 20. Anayeona kivuli tu kwa jicho lililobaki, naamini daktari wa macho hatahangaika kuliandika hilo. Halafu kipofu ana nafuu mbili. Kwa mlemavu mwingine wanataka tatizo la kudumu miezi 12 au zaidi, kwa kipofu hawaulizi muda. Na kuna ukomo wa mshahara unaomtoa mlemavu kwenye sifa; kipofu wa SSI hawekewi, wanafanya tu hesabu ya kupunguza niliyoionyesha juu.

Majimbo mengine humwongezea kipofu zaidi. Massachusetts kwa anayeishi peke yake: mzee dola 128.82, mlemavu 114.39, kipofu 149.74. Kwa hiyo wakati wa kuomba hakikisheni ameandikwa kipofu, msiache aandikwe mlemavu tu.

Pigeni leo namba ya Social Security, 1-800-772-1213, mseme "mkalimani wa Kiswahili". Ni bure. Siku mnayopiga kusema mnataka kuomba inaweza kuhesabiwa ndiyo siku ya ombi, na SSI hailipi ya nyuma ya hapo.

---

msafiri254

Shukran mkuu. Mimi ni raia, nimemleta mathe kutoka Kisii kwa I-130, fomu ya kumwombea ndugu, ana grinikadi tangu mwaka jana. Ana miaka 71, sukari na magoti. Nimefanya kazi hapa zaidi ya miaka kumi na kodi nalipa. Anaweza kupata?

Mkalimani wa Kivu

Ndugu, pole, kwa sasa hapana. Mzazi aliyeletwa na mtoto si mkimbizi, na ile miaka saba haimhusu. Mwenye grinikadi wa kawaida anahitaji robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi. Robo za mume au mke zinaweza kumsaidia, za mtoto wake haziingii hata ungekuwa umefanya kazi miaka 30. Tena ulitia saini I-864 kwamba utamtunza, na wanaweza kuhesabu kipato chako kana kwamba ni chake. Akipata uraia baada ya miaka mitano, hayo yote yanaondoka na anaomba kama raia mwingine. Mwandikishe darasa la uraia sasa hivi.

---

Bembe wa Iowa

Aksanti sana kaka kwa uzi huu. Niongeze la likelemba, michango yetu ya kikundi, kwa sababu limewatesa watu wetu.

Tuna muzee mmoja anayeheshimika, mtu wa kanisa, haibi hata senti. Jamii yote inamwamini, kwa hiyo michango ya misiba ilikuwa inawekwa kwenye akaunti yake. Mtu akifa tunachanga, hela inapita kwake, inakwenda kusafirisha mwili au kulisha watu matanga. Kuna wakati zililala kwake dola elfu sita na zaidi. Ikaja barua: ulikuwa na mali iliyozidi, kwa miezi kadhaa hukustahili, rudisha. Muzee alilia mbele ya wajukuu. Hakulilia hela, alililia jina lake, alidhani anaitwa mwizi.

Mkalimani wa Kivu

Bembe, limenigusa hilo, nimelitafsiri mezani mara nyingi. Kikomo cha mali ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa mume na mke, na hakijapandishwa tangu 1989. Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari moja halihesabiwi, na kuna hadi dola 1,500 za kujiwekea maziko yako mwenyewe zinazoweza kuachwa. Hela iliyo benki siku ya kwanza ya mwezi kwa jina lako inachukuliwa ni yako mpaka uthibitishe vinginevyo. Likelemba, chama, upatu, michango ya kanisa, isipite kwenye akaunti ya mwenye SSI. Fungueni akaunti ya kikundi, au abebe mtu anayefanya kazi.

Na kwa huyo mzee: ana siku 60 za kukata rufaa. Barua ikisema wanapunguza au wanasimamisha malipo, ukikata rufaa ndani ya siku 10 tangu uipokee, malipo yanaendelea wakati kesi inaangaliwa. Akileta daftari la michango, majina na risiti za kusafirisha mwili, anaweza kuonyesha hela haikuwa yake. Ikishindikana, kuna fomu ya kuomba asamehewe deni, SSA-632, na kwa kawaida makato kwenye SSI hayazidi asilimia 10 ya kipato cha mwezi. Daftari lenu lipo? Kama lipo, mna mengi ya kuonyesha.

Kiwanja kilichobaki Uvira au Kigoma nacho kinaulizwa. Semeni ukweli. Kama hakiuziki kwa sababu ya vita au kimevamiwa, elezeni hivyo. Na msigawe mali haraka haraka ili "iwe safi": kutoa bure kilicho na thamani kunaweza kumfungia mtu hadi miezi 36.

---

Mtu wa Kale

Mimi nitatofautiana nanyi kwa heshima. Kwetu mzee hatunzwi na serikali, anatunzwa na watoto. Tunawafundisha wazee wetu kukaa wakisubiri bahasha. Baba yangu yuko kwangu, anakula ninachokula, sihitaji fomu ya mtu.

Shangazi wa Boise

Kaka, Mungu akubariki kwa kumtunza baba. Mimi namtunza mama na kakangu mwenye kifafa, nafanya zamu ya usiku kiwandani, watoto wanne. Kwa SSI mama anapata na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na dawa zake ni ghali kuliko kodi yangu ya nyumba. Bila hiyo nisingekuwa namtunza, ningekuwa namtazama akiumia. Na yeye mwenyewe anafurahi kuweka sehemu yake mezani mwisho wa mwezi. Jana alimnunulia mjukuu viatu. Alivikagua soli kwa kidole, akauliza bei, akatoa hela mwenyewe.

Mkalimani wa Kivu

Mtu wa Kale, sikubishii katika kumtunza baba, ila yeye ana haki ya kujua kilicho chake. Shangazi amenikumbusha la kuchangia.

Mzee anayeishi kwa mwanawe, analala na kula bila kuchangia, hukatwa theluthi moja ya kiwango cha serikali kuu. Mwaka huu ni kama dola 331. Tangu 30 Septemba 2024 chakula anachopewa hakihesabiwi tena kuwa kipato, na hiyo imesaidia wengi, lakini malazi ya bure bado yanahesabiwa. Dawa yake: jumlisheni kodi, umeme, maji na gharama za nyumba, gawanyeni kwa idadi ya watu wote wakiwemo watoto, mzee alipe fungu lake kwelikweli, na karatasi iwepo. Familia zetu ni kubwa, fungu la mmoja mara nyingi ni dogo kuliko hizo 331.

---

Dogo wa Dallas

Texas nyongeza ipo?

Mkalimani wa Kivu

Kwa mzee anayeishi nyumbani, hapana. Texas huongeza kidogo kwa aliye kwenye nyumba ya wauguzi inayolipiwa na Medicaid, kwa matumizi yake binafsi. Cha serikali kuu ni kilekile.

---

Nesi Halima

Nafanya kazi kliniki, naomba nichomekee. Wazee wetu adabu inawaponza. Anaulizwa, "Unaendeleaje?" Anajibu, "Salama, namshukuru Mungu." Inaandikwa: mgonjwa anasema yuko salama. Anaulizwa kama anapika, anasema ndiyo, kwa sababu mama wa Kiswahili hawezi kusema mbele ya mwanawe kwamba hapiki. Kumbe anakaa kwenye kiti, mjukuu ndiye anayemenya, anayeinua sufuria na kuzima jiko, yeye anasema tu chumvi kiasi gani. Hiyo si kupika! Na ile fomu ya Social Security ya kazi za kila siku inauliza hayohayo: kuvaa, kuoga, kupika, kwenda dukani.

Mkalimani wa Kivu

Nesi, nimelishuhudia hilo na mimi siruhusiwi kuongeza neno la kwangu. Ndiyo maana nawaomba watoto: kaeni na mzee jioni moja kabla ya miadi, mkumbushane siku yake inavyokwenda. Nani anamfunga vifungo? Anatembea hadi wapi kabla ya kukaa? Anaamka mara ngapi usiku akiota vita? Halafu aseme hivyohivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Na msimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri. Kuna mambo mama hawezi kuyasema kupitia mdomo wa mwanawe, hasa yaliyompata vitani, na pengine ndiyo hayo N-648 inayahitaji.

---

Bembe wa Iowa

Kaka, swali la wengi hapa: ambaye miaka saba imeshapita na hana uraia, afanyeje? Na ada ya uraia anaitoa wapi?

Mkalimani wa Kivu

Aombe uraia sasa hata kama SSI imekatika. Akila kiapo anaomba SSI upya, ila miezi ya katikati hailipwi. Fomu N-400 ya kuomba uraia ni dola 760 kwa karatasi na 710 kwa mtandao, lakini mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe yote kwa fomu I-912. Anayepokea SSI sasa barua yake ya malipo ni ushahidi mzuri wa msamaha huo, kwa hiyo aombe wakati bado anapokea. Msamaha unaombwa pamoja na N-400 ya karatasi.

Wakati anasubiri, aulize jimbo. California ina mpango uitwao CAPI kwa wageni wazee, vipofu na walemavu ambao SSI imewakataa kwa sababu ya hadhi yao tu. Jimbo la Washington nalo lina msaada wake wa fedha kwa wazee, vipofu na walemavu. Aliye mwanandoa aangalie pia robo za kazi za mwenzake, wakijumlisha huenda 40 zikafika.

---

Mama Neema

Nimepiga simu, mkalimani alipatikana, wamempa miadi. Swali la mwisho kaka: dada yake amefariki Bujumbura na anataka kwenda kuzika. Akianza kulipwa anaruhusiwa kusafiri?

Mkalimani wa Kivu

Poleni sana kwa msiba, dada. Kusafiri anaruhusiwa, lakini akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au mwezi mzima wa kalenda, malipo yanasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 mfululizo ndipo yaanze. Kata tiketi ya kurudi ndani ya wiki tatu au tatu na nusu, ndege ikiahirishwa awe bado na nafasi. Toeni taarifa ya safari kabla hajaondoka, na atunze pasi za kupandia ndege za kwenda na kurudi. Hata kabla hajaanza kulipwa, miadi isiangukie siku atakapokuwa Bujumbura; pigeni waisogeze. Na kama hajapata uraia, asipande ndege kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji kuhusu hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa sababu bila hiyo anaweza kukwama kurudi.